Somo: Kupima tuta la kaburi la kale kabla nyumba hazijajengwa

Wakuu, niliahidi somo hili muda sasa. Natumia mfano wa England, kwa sababu huko utaratibu umenyooka: tangu mwongozo wa serikali wa 1990 uitwao PPG16, anayetaka kujenga ndiye anayelipia uchunguzi, na halmashauri inaweza kuzuia kibali mpaka ijue kuna nini ardhini. Tuta letu ni lile la mviringo la Zama za Bronzi. Mengi yalijengwa kati ya 2400 na 1500 KK.

Shika hili kwanza: hapa tunapima, hatufukui kaburi. Kazi ikiisha vizuri, marehemu yuko palepale alipolazwa, ila sasa tunajua hali yake.

1. Anza na makaratasi. Pitia kumbukumbu za kaunti, ramani za zamani na picha za angani. Matuta mengi yamelimwa karne kwa karne hadi yamelala bapa; kilichobaki ni mtaro uliolizunguka tuta. Kiangazi kikikaza, udongo wa mtaro hubaki na unyevu, shayiri ya juu yake inakuwa ya kijani zaidi, na ukiwa angani unaona duara kamili. Angalia pia kama tuta linalindwa kwa sheria ya 1979. Kama linalindwa, hata kupitisha kifaa cha kupima juu yake kunahitaji ruhusa.

2. Pitisha magnetomita, kifaa cha kupima usumaku wa ardhi. Udongo uliojaza mtaro huwa na usumaku zaidi ya ardhi isiyoguswa, kwa hiyo duara linajichora kwenye kompyuta. Lakini waya wa uzio na vyuma vya trekta navyo vinajichora. Usiamini kila doa.

3. Andika mpango kazi, mwanaakiolojia wa halmashauri aukubali. Kabla ya hapo hakuna eskaveta inayowashwa.

4. Fungua mahandaki ya majaribio. Kwa kawaida ni upana wa mita 1.8 hadi 2, urefu wa mita 30 hadi 50, na yote kwa jumla yafikie asilimia 2 hadi 5 ya eneo. Moja lazima likate mtaro wa tuta. Eskaveta iwe na ndoo isiyo na meno, iparue udongo kidogo kidogo huku wewe umesimama mbele yake unatazama. Rangi ikibadilika tu, inua mkono, mashine isimame. Kuanzia hapo ni sepeto na mwiko.

5. Usome mtaro. Hapa ndipo penye utamu. Kata kipande cha mita moja kwa mkono mpaka chini. Kwenye ardhi ya chokaa utakuta chini kabisa vifusi vyeupe vilivyoporomoka miaka ya mwanzo, kisha udongo laini wa kahawia ulioingia taratibu, na juu yake udongo wa kulima, pengine na kigae cha Kirumi ndani yake. Vifusi vikiwa vingi upande wa ndani, tuta lilikuwa likimong'onyokea mtaroni. Hata kama leo halionekani, umelipata. Piga picha, chora ukuta wa handaki kwa kipimo cha 1:10 au 1:20, chukua sampuli ya udongo, lita 40 hivi, ikachekechwe kwa maji. Mkaa na mbegu zilizoungua ndizo zitakazopimwa kaboni-14 ili kujua umri wake.

Kama tuta bado lina kimo, tafuta udongo uliofunikwa chini yake. Ni ardhi ya siku ile walipoanza kujenga, na chavua zake zinasema kama palikuwa msitu au malisho.

6. Ukiona mfupa, simama. Kufukua mifupa kunahitaji leseni ya Wizara ya Sheria, chini ya Sheria ya Mazishi ya 1857. Ukishuku si ya kale, ita polisi. Kwenye jaribio, pima, piga picha, funika taratibu. Chungu chenye majivu ya marehemu usikinyanyue.

Ripoti ikitoka, halmashauri huamua: nyumba zisogezwe, tuta libaki uwanja wa wazi, au lifukuliwe lote kwa gharama ya mjenzi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kwa nini msichimbe katikati mkamalizana?*
Mkuu, katikati ndipo walipokimbilia wasaka-vitu wa karne ya 18 na 19, kwa hiyo mara nyingi hapajabaki kitu. Isitoshe, vizazi vya baadaye, hadi Waanglo-Saksoni (watu wa England baada ya Warumi), walizika watu wao pembeni na hata mtaroni.

*Mwalimu, sisi wa Nakuru tuna kitu kama hiki?*
Dada, mnacho mlangoni. Hyrax Hill, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kuna makaburi ya wafugaji wa kale. Kwa Kenya sheria ya kushika ni ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Ila kwenu ni mawe zaidi ya mitaro, kwa hiyo hatua ya 5 itabadilika.

*Mkikuta dhahabu je?*
Inaripotiwa kwa mujibu wa Sheria ya Hazina ya 1996, na haiachwi ilale nje. Mwaka 2002 huko Amesbury, England, kwenye eneo la nyumba na shule mpya, lilipatikana kaburi la mtu wa karibu 2300 KK, na ndani yake dhahabu. Wachimbaji walikesha wakifanya kazi kwa taa za magari. Picha tuma baada ya mali kufika makumbusho, kaka, si kabla.