Kumuuza kloza nyota: hesabu ninazofanya kila Julai kabla dirisha halijafungwa

Tarehe 1 Agosti 2022 nilikuwa Milwaukee, nikikusanya mipira baada ya mazoezi ya vijana ninaowafundisha kurusha, habari ikaingia kwenye simu: Brewers, timu ya besiboli ya jiji hilo, wamempeleka kloza wao Josh Hader kwa Padres wa San Diego. Timu ilikuwa inaongoza kundi lake. Kijana mmoja akaniuliza, "Kocha, sasa nani atafunga mchezo?" Nikamweleza hesabu za mkataba, za umri, za mshahara. Zote zilikuwa sahihi, lakini swali lake sikulijibu. Hatua ninazoziandika hapa nilizipanga upya baada ya msimu ule.

Kwa aliye mgeni kwenye besiboli: kloza ni mrushaji anayeingizwa mwishoni, kwa kawaida inningi (kipindi cha mchezo) ya 9, timu yake ikiwa mbele kwa tofauti ndogo. Akiulinda ushindi anaandikiwa sevu, takwimu iliyo rasmi tangu 1969. Chipukizi ni wachezaji wa ligi ndogo ambao klabu inawalea wapande. Kila mwisho wa Julai dirisha la kubadilishana wachezaji linapokaribia kufungwa, timu zinazopigania ubingwa hugonga milango ya timu dhaifu zikiulizia kloza. Wewe ndiye uliyegongewa mlango. Ufanyeje?

Hatua ya 1: Hesabu inningi za Oktoba, usihesabu sevu

Chukua karatasi. Msimu una michezo 162, kila mmoja inningi 9, jumla 1,458. Kloza mzuri hurusha kama 60 hadi 70. Hiyo haifiki asilimia 5 ya kazi yote ya warushaji. Timu inayopoteza michezo mitatu kati ya mitano ina ushindi mchache wa kulinda, kwa hiyo hata katika hizo 60, nyingine zinapotea bure.

Sasa geuza karatasi, andika Oktoba, mwezi wa mtoano. Kwenye mtoano kuna siku za mapumziko, warushaji wanaoanza hutolewa mapema, na mrushaji mmoja wa akiba anaweza kubeba safari nzima. Mwaka 2016 Cleveland walimnunua Andrew Miller kutoka Yankees wa New York. Kwenye mtoano wa mwaka huo alirusha inningi zaidi ya 19 na kuwatoa wapigaji 30 kwa straiki, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali ya American League, moja ya ligi mbili kuu. Cleveland walifika mchezo wa saba wa World Series, fainali ya ubingwa. Waliowazuia ni Chicago Cubs, waliokuwa na Aroldis Chapman, naye pia kanunuliwa kutoka Yankees siku chache kabla ya Miller. Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Chapman alitumika sana mno wiki ile. Katika mchezo wa saba mkono ulikuwa umechoka, Rajai Davis wa Cleveland akampiga ule mpira wa kusawazisha, lakini Cubs wakashinda 8 kwa 7 katika inningi ya 10.

Kwa hiyo swali la kwanza: kloza wako atarusha inningi ngapi za Oktoba *kwako*, kabla mkataba wake haujaisha? Kama jibu ni sifuri, tayari umeshajua nusu ya uamuzi. Na hata kama timu inafika mtoano, uwe na hakika kwamba benchi litamtumia. Zack Britton, kloza wa Baltimore Orioles, mwaka huo huo wa 2016 alipata sevu 47 katika nafasi 47, akiruhusu wastani wa pointi 0.54 kwa kila inningi 9. Orioles wakaenda Toronto kwa mchezo mmoja wa kufa na kupona, mchezo ukafika inningi ya 11, wakatolewa. Britton hakurusha hata mpira mmoja. Mpaka leo inaniuma, na wala si timu yangu.

Hatua ya 2: Jiweke mahali pako kwenye msimamo

Hapa ndipo wenye timu hujidanganya. Kuwa nyuma kwa michezo mitano mwishoni mwa Julai, huku timu tatu ziko mbele yako, si "bado tupo". Yankees wa 2016 walikuwa wanashinda mmoja, wanapoteza mmoja, na ni klabu isiyozoea kuuza. Waliuza. Msimu waliumaliza na ushindi 84, nje ya mtoano, lakini ghala la chipukizi limejaa.

Hatua ya 3: Soma mkataba

Mchezaji huwa huru baada ya miaka sita ya huduma katika ligi kuu. Miezi miwili iliyobaki ina bei yake, misimu minne ina bei nyingine kabisa. Chapman alikuwa na miezi tu. Miller alikuwa na misimu miwili zaidi. Hader alikuwa na mmoja. Kumbuka pia kwamba mnunuzi wa katikati ya msimu haruhusiwi kumpa mchezaji huyo ile ofa ya mwaka mmoja inayoiletea klabu fidia akiondoka, kwa hiyo naye anapiga hesabu za Oktoba kama wewe.

Hatua ya 4: Uangalie mkono kama kocha, si kama shabiki

Mkono unaorusha maili 100 kwa saa haukuahidi kitu chochote mwakani. Rudi kwa Britton. Orioles walimng'ang'ania baada ya msimu ule wa ajabu. Mwaka 2017 mkono ukamsumbua, Desemba akakatika kano la kisigino, na Julai 2018, miezi michache kabla ya mkataba kwisha, wakampeleka Yankees. Walipewa warushaji vijana watatu: Dillon Tate, Cody Carroll na Josh Rogers. Hakuna aliyekuwa nyota. Bei ya kloza huporomoka ghafla, haishuki pole pole.

Mimi huangalia vitu vitatu: kasi ya mpira imepungua kulinganisha na Aprili? Mipira yake ya kupinda bado inaachiwa kutoka mahali pale pale kila mara? Anaweza kurusha siku mbili mfululizo bila siku ya pili kuwa mbovu? Likijibiwa vibaya hata moja, uza haraka na usiombe radhi.

Hatua ya 5: Nani ataingia inningi ya 9 kesho?

Hili ndilo swali la yule kijana, na ndilo nililolipuuza.

Kwa karatasi, Brewers walikuwa wamejipanga vizuri. Devin Williams alikuwepo, tayari ni mmoja wa warushaji wagumu kabisa kupigwa. Kutoka San Diego walipata Taylor Rogers, Dinelson Lamet, Esteury Ruiz na Robert Gasser. Lakini Lamet aliondolewa kikosini ndani ya siku chache, hakuwarushia hata mpira. Wachezaji wenyewe walikiri hadharani kwamba biashara ile iliwagusa: unaongoza kundi, halafu uongozi unamtoa mtu unayemkabidhi ushindi kila usiku. Walimaliza na ushindi 86. Phillies walipata 87, wakachukua nafasi ya mwisho ya mtoano, wakaenda mpaka World Series. Mchezo mmoja tu.

Kisha Desemba ikaja. Ruiz akatumika katika biashara ya timu tatu, na Milwaukee wakampata William Contreras, mdakaji ambaye amekuwa nguzo yao. Wakashinda kundi lao 2023, 2024 na 2025. Ukiniuliza leo kama klabu ilifaidika, nitasema ndiyo. Ukiniuliza kama ilikuwa sawa kuifanya *siku ile*, nitasema hapana: mrithi alikuwepo, lakini hakuna aliyewaandaa wenzake. Timu inayoongoza ikitaka kuuza, ingoje Novemba. Brewers wenyewe walifanya hivyo na Williams, wakampeleka Yankees Desemba 2024 kwa Nestor Cortes na Caleb Durbin, na msimu uliofuata wakashinda michezo 97.

Hatua ya 6: Omba mmoja, usiombe wanne

Mnunuzi atakuletea majina manne ili mzigo uonekane mzito. Mwambie unamtaka mmoja, yule ambaye hataki kumtaja. Walipomtoa Chapman kwa Cubs mwaka 2016, Yankees walimtaka chipukizi Gleyber Torres, akiwa na miaka 19, na bila yeye hakukuwa na mazungumzo. Misimu ya 2018 na 2019 alichaguliwa kikosi cha nyota, na 2019 alipiga hom rani (mipigo inayovusha mpira nje ya uwanja) 38. Wengine watatu wa biashara ile hawakuacha alama kama yake.

Napendelea wapigaji kuliko warushaji, kwa sababu mikono inavunjika. Lakini hata mpigaji si fedha taslimu. Desemba 2018 Seattle walimtoa kloza wao Edwin Díaz, aliyetoka kupata sevu 57, pamoja na Robinson Canó na mkataba wake mzito, na hazina ya biashara hiyo ikawa Jarred Kelenic. Wapigaji chipukizi waliotabiriwa makubwa kuliko yeye walikuwa wachache. Hakuchanua Seattle, na miaka mitano baadaye naye akauzwa.

Nakuomba pia usisahau kwamba chipukizi ni mtoto wa mtu. Dodgers walipowasaini Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, mtaani kwetu tulishangilia kama harusi. Kijana wa aina hiyo akihamishwa katikati ya msimu, anahama na lugha asiyoizoea na chumba kisicho na ndugu. Kabla ya kumchukua, uliza nani atampokea uwanja wa ndege. Klabu zinazouliza hilo hupata wachezaji bora, nimeliona hilo kwa macho.

Hatua ya 7: Wanunuzi wawili mezani, na uongee na mchezaji kwanza

Ukiwa na mnunuzi mmoja, umepewa bei. Ukiwa na wawili, unaitaja wewe. Na mwambie kloza ukweli kabla hajausoma kwenye simu. Yankees waliachana na Chapman vizuri kiasi kwamba Desemba ile ile ya 2016 alirudi kwao kama mchezaji huru, miaka mitano kwa dola milioni 86. Torres wakawa naye, na kloza wakawa naye.

Jaribu hatua hizi kwenye mfano mmoja

Julai 2025, Athletics. Timu iko chini ya msimamo (hatua ya 2). Kloza ni Mason Miller, mpira wake unapita maili 100, na bado yupo chini ya klabu misimu minne zaidi (hatua ya 3), lakini kiwiko kiliwahi kumweka nje mwaka 2023 (hatua ya 4). Padres wanamtaka kwa udi na uvumba. Athletics wakamtoa pamoja na JP Sears, na waliyemdai ni Leo De Vries, mpigaji wa miaka 18 ambaye kila klabu ingempenda. Wakampata, na warushaji watatu juu yake.

Mimi ningeuza. Miller alirusha kwa ukali wa kutisha Oktoba ile, na Padres wakatolewa na Cubs raundi ya kwanza kabisa. De Vries alimaliza msimu akiwa ligi ndogo, anapigia timu ya Midland, Texas, na alikuwa bado hajafikisha miaka 19.