Kabla hujapandisha udongo kwenye paa

Siku hizi hapa Kampala, tukimaliza kumwaga zege la juu, mwenye nyumba huuliza kama anaweza kuotesha majani huko. Ni swali zuri. Mji umejaa mabati na saruji, mvua ikishuka maji yote hukimbilia bondeni, na watu wa Bwaise ndio wanaoamka nayo ndani. Paa lenye udongo hunywa sehemu ya maji hayo, na chumba kilicho chini yake hupoa mchana. Nayapenda mapaa haya, na kwa sababu hiyo naomba usianze kwa kuchagua maua.

Anza na uzito. Udongo wetu mwekundu ukishiba maji hufika kilo 1,800 na zaidi kwa mita moja ya ujazo. Utandaze kina cha sentimita 10 tu kwenye paa la mita 10 kwa 12, tayari umepandisha tani 21 na ushee: malori matatu ya tani saba, yamesimama juu ya vitanda vya watoto. Zege la paa ambalo halikukusudiwa kukaliwa na watu mara nyingi huwa limepigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 60 hadi 75 kwa mita ya mraba, ukiacha uzito wake lenyewe. Udongo huo ni kilo 180. Usikubali fundi akwambie "hii zege ni nene, itabeba."

Tafuta michoro, umpelekee mhandisi aliyesajiliwa. Kama nyumba ni ya maxpan, yale matofali ya udongo yenye matundu yanayopangwa katikati ya mbavu za zege, mwambie mapema. Nguvu iko kwenye mbavu na nondo zake, matofali yanajaza nafasi tu, kwa hiyo hata tangi la maji haliwekwi popote unapotaka. Kama michoro imepotea, atalazimika kupima zege na kutafuta nondo zilipo. Ni gharama, lakini ilipe. Kibali nacho ni lazima, maana unabadilisha jengo, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inahusika. Ulizia KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, au halmashauri yako kabla hujanunua chochote.

Paa la mabati juu ya mbao? Hapana. Panda sukuma wiki kwenye magunia uani.

Mhandisi akikubali, bado udongo wa shamba usiupandishe. Tumia mchanganyiko mwepesi: mawe ya volkano yenye vitundu, kama yale ya upande wa Kisoro, yaliyosagwa, na mboji kidogo. Mboji ikizidi huoza, udongo ukashuka na kuziba njia za maji. Na kila hesabu ya uzito ifanywe mchanganyiko ukiwa umelowa chepechepe.

Sasa maji. Niliwahi kuitwa Kibuli kwenye nyumba ambayo dari ya chumba cha kulala ilikuwa na doa la rangi ya chai, linatanuka kila mvua. Tulifukua kwa mikono. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na tope, mizizi na vijiti walivyodondosha kalooli, wale korongo wakubwa wa mjini, na hatua kadhaa kutoka hapo utando wa lami unaozuia maji yasipenye kwenye zege ulikuwa umechanwa na jembe. Mchano wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole changu. Kuupata kulichukua siku mbili, kwa sababu maji hupenya hapa yakatokeza kwingine kabisa.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kufunika. Utando ukishalazwa, ziba matundu, jaza maji kina cha sentimita 5, uyaache saa 48 ukitazama dari chini. Maji hayo ni kilo 50 kwa mita ya mraba, mhandisi ajue. Mteremko uwe sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Matundu ya kutolea maji yasipungue mawili, na juu yake tundu la dharura kwenye ukuta wa ukingo, maji yatoke matundu ya chini yakiziba. Kila tundu lizungushiwe kokoto na kufunikwa wavu. Juu ya utando laza kizuizi cha mizizi, kwani ndege na popo huleta mbegu za mutuba, mti wa jamii ya mtini, na mutuba hupasua ukuta, sembuse lami. Kingo za utando zisiachwe wazi juani. Jua la huku hukausha lami ikapasuka.

Mimea sasa. Kina cha sentimita 10 kinafaa mimea inayovumilia kiu, kama mishubiri midogo. Nyasi za paspalum hunywa maji mengi kuanzia Desemba hadi Februari, na mboga za majani kama nakati na dodo (mchicha) hutaka kina zaidi, yaani uzito zaidi: unarudi kwa mhandisi. Weka ukingo wa kuzuia watu wasianguke, urefu wa mita 1.1.

Mwisho, amua leo nani atakwea huko juu kusafisha. Ngazi iwe salama, ufunguo uwe kwake. Kabla ya mvua za Machi na za Septemba akwee, afunue kila wavu, aingize mkono ndani ya tundu na kutoa tope, ang'oe kila mche wa mutuba ungali na majani mawili.