Hita ya maji inakula tokeni na hakuna anayeoga, anzia hapa

Najua kuna atakayeuliza, Mombasa na joto hili hita ya nini. Sisi tuliweka dada alipojifungua, manake mzazi lazima aogeshwe maji ya moto mpaka arubaini iishe na kuchemsha kwa sufuria gesi ilikuwa haikai. Arubaini ikaisha, dada akarudi kwake, lakini tokeni zikawa zaisha vilevile. Fundi wa kwanza akabadilisha themostati, kile kifaa cha kukata umeme maji yakishapata moto, tukalipa, na wiki ile ile mambo yakawa yale yale. Ndo maana naandika hii, usinunue kitu kabla hujajua kama hita yako haizimiki au inazimika vizuri ila maji ya moto yanaitoroka.

Nazungumzia hita ya tangi, ile ya kutundika ukutani. Ikiwa ni ya lita 50 na elementi (kile chuma cha ndani kinachopasha maji) ya kilowati 1.5, kutoa maji kwenye nyuzi 30 kuyafikisha 60 ni kama saa moja na dakika kumi, kisha taa ya kwenye hita yenyewe inafaa izime. Usiangalie taa ya swichi ya ukutani, hiyo inawaka muda wote swichi iko on, wengi wanachanganyikiwa hapo. Baadaye itawaka tena kidogo tu kwa sababu tangi linapoa, hiyo ni kawaida.

Kama hita haina taa tumia mita. Zima kila kitu ndani mpaka friji, ubakishe hita, halafu hesabu kile kitaa chekundu cha mita kinapepesa mara ngapi kwa dakika. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani inapepesa mara 1000 kwa kila yuniti, itapepesa kama mara 25 elementi ya kilowati 1.5 ikiwa kazini, na ikikata kitaa kinatulia. Elementi hiyo isipokata kabisa ni yuniti 36 kwa siku, hebu piga hesabu ya mwezi.

Sasa ikiwa haikati, na maji yakifunguliwa yatoka na mvuke au tangi languruma kama sufuria ya maharagwe, hapo themostati imeganda. Zima swichi hapo hapo, iache ipoe, muite fundi wa stima. Na tafadhali ile valvu ndogo ya usalama chini ya tangi msiizibe. Kudondosha matone kidogo wakati maji yapata moto ni kawaida yake, kuna watu wanaifunga eti yachafua ukuta, na ndiyo inayozuia tangi kulipuka. Ikidondosha mchana na usiku hata hita ikiwa imezimwa, basi imeharibika au presha ya maji ni kubwa, ibadilishwe.

Lakini ikiwa inakata halafu baada ya muda mfupi inawaka tena na tena, shika ule mpira wa maji ya moto unaotoka kwenye hita, saa mbili baada ya mtu wa mwisho kuoga. Ushike kwa uangalifu. Ukiwa moto mpaka mbali na tangi, maji yanatembea. Kagua bomba zinazovuja, na kwenye nyumba zetu kagua shatafu, ule mpira wa kujisafishia chooni, kabla ya yote. Kwetu shatafu ilikuwa imeungwa kwenye miksa, lile bomba la kuchanganya maji ya moto na baridi, watu wanafungua miksa pande zote mbili halafu wanafunga kule mwisho kwa kidole tu. Miksa ikibaki wazi hivyo, baridi na moto zimeungana ndani, basi mtu akifungua maji ya baridi jikoni maji ya moto yanapitia kwenye miksa yaingia laini ya baridi, na hita inajazwa maji mapya iyapashe tena. Hakuna tone linaloonekana chini, ndo maana fundi hakuona.

Dalili yake ni bomba la baridi kutoa maji ya vuguvugu. Jaribu alfajiri, si mchana, manake mchana tangi jeusi la juu ya paa limepigwa na jua na hata baridi yatoka moto.

Dawa ni kufunga miksa yenyewe kila ukimaliza, au kuweka valvu za kuzuia maji yasirudi, au kuitoa shatafu kwenye miksa ukaiunga na laini ya baridi peke yake. Sisi tulifanya hili la mwisho kwa sababu nyumba ina watoto na huwezi kumkumbusha kila mtu kila saa. Usiku ule nikakaa mbele ya mita na saa mkononi, hita ikakata, na kile kitaa kikatulia muda mrefu mpaka nikaenda kulala.