Kituo cha hali ya hewa nyumbani: anza na kivuli na mvua, hizo nyingine baadae

Wengi wakianza hii hobi wanakimbilia kununua sensa (kile kidude cha kupimia) halafu ndo wanawaza pa kuiweka. Hapo ndo inapoharibika, maana hata sensa ya bei mbaya ukiifunga ukutani itakusomea joto la ukuta. Mi niko Morogoro, ya kwanza niliifunga chini ya bati la kibaraza, mchana inapanda hatari nikawa naitangazia familia joto la bati kumbe.

Kwa hiyo tengeneza kwanza nyumba ya sensa. Chukua sahani nyeupe za plastiki kama saba, toboa tundu kubwa katikati kwenye zote isipokuwa ya juu, zifudikize kama miavuli, zipange ziachane kama sentimita 2 hivi kwa vipande vya bomba, pitisha skrubu ndefu tatu, kaza. Hewa inapita, jua halipiti. Iweke kwenye nguzo mita 1.5 juu ya nyasi, mbali na ukuta na zege, na uzungushie wavu wa neti ya mbu la sivyo nyigu wanahamia wiki hiyo hiyo.

Ndani weka sensa ndogo inayoitwa BME280, inapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Ila madukani wanachanganya na BMP280 ambayo unyevu haipimi kabisa, ukiunganisha soma kwa programu namba ya utambulisho ya chipu: 0x60 ndo yenyewe, 0x58 umepigwa.

Bodi ya kusoma sensa na kutuma data, ESP32 (kompyuta ndogo yenye waifai) inatosha, na betri na sola ndogo, unaipangia ilale iamke kila dakika 10 itume data kwa waifai. Lakini swichi ya kipima mvua (faneli inayomwagia maji kikombe kidogo, kikijaa kinabinuka na kubonyeza swichi) iunganishe kwenye pini inayoweza kuiamsha, vinginevyo matone yote yaliyodondoka imelala yamepotea na we unadhani hakujanyesha.

Sasa mvua yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Mili (milimita) 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo faneli yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 15 ikipata mili 1 inaingiza kama mililita 17.7 za maji. Nunua bomba la sindano duka la dawa, pima mililita 177 yaani mili 10 za mvua kwa faneli hiyo, mimina pole pole sana huku unahesabu kikombe kinabinuka mara ngapi, halafu gawa 10 kwa hiyo idadi, hiyo ndo thamani ya mbinuko mmoja kwa mili, usiamini tu iliyoandikwa kwenye boksi. Mvua kubwa za masika vikombe hivi huwa vinapunja kwa sababu maji yanaendelea kuingia wakati kinageuka, ndo maana pembeni mi nina chupa ya kawaida yenye faneli naisoma kila siku saa tatu asubuhi nalinganisha. Na usiweke chini ya mwembe jamani.

Mgandamizo usikuchanganye. Ukiwa mita 500 juu ya bahari utaona kama hPa 955 (hPa ndo kipimo cha mgandamizo) badala ya 1013 ya usawa wa bahari, sensa haijafa, ni mwinuko tu. Halafu huku kwetu karibu na ikweta unapanda kwenye saa nne asubuhi na kushuka kwenye saa kumi jioni kila siku, iwe mvua iwe jua, kwa hiyo vile vituo vya dukani vinavyochora kawingu kila mgandamizo ukishuka vitakutangazia mvua kila jioni, we anika nguo zako.

Upepo nimeuacha mwisho makusudi. Kipimo chake kinatakiwa mita 10 juu, sehemu ya wazi, sasa kama umezungukwa na miembe na ghorofa la jirani utapima mzunguko wa hewa wa uani kwako tu, hiyo hela nunua betri ya pili.