Kununua tanuri la kukuzia kristali hapa Unguja: anza na umeme, katalogi baadae

Kwanza jina lenyewe. Usiandike "fanesi" kwenye fomu ya manunuzi, mie niliandika, karani akanipigia simu kuniuliza fenesi la nini maabara na mbona bei yake kama gari. Andika tanuri la umeme la kukuzia kristali, chini yake nyuzi joto na kilowati, bas.

Sasa watu wakifungua katalogi wanakimbilia namba kubwa za nyuzi joto za Selsiasi, 1700, 1800, wanadhani ndo ubora. Wee angalia unataka kuyeyusha nini. Bizmathi teluraidi inayeyuka kwenye 585 hivi, jemaniamu 938, silikoni 1414, safaya inapita 2000. Kama kazi zenu zote ziko chini ya 1000 basi tanuri la 1200 lenye waya wa kupashia joto wa Kanthal (aloi ya chuma, kromi na aluminiamu) na mrija wa kwazi, kioo kinachovumilia moto, linawatosha kabisa, na mrija ukipasuka hamlii sana. Mkipanda kwenye 1500 mnaingia kwenye fimbo za kupashia joto za silikoni kabaidi, na hizi huzeeka, kadiri zinavyotumika upinzani wake wa umeme unapanda, ikifa moja ukachomeka mpya peke yake haipatani na wenzake, kwa hiyo agiza seti nzima. Juu ya hapo ni molibdenamu disilisaidi, moto inavumilia sana lakini ikiwa baridi inavunjika kama kigae, mjue mapema nani atakayeifunga.

Njia ya kukuzia kristali nayo. Aliyeona mashamba ya chumvi kule Pemba ashaelewa nusu ya somo, maji yakikauka taratibu punje zinakua, yakikauka mbiombio zinakuwa ndogo. Njia ya Bridgman ni hivyo hivyo ila kwa joto: ampuli, kichupa chenye malighafi ndani, inashushwa polepole kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, kristali inaanzia kwenye ncha ya chini. Ile ya Czochralski, yule Mpoland wa 1916, unachovya mbegu, yaani kipande kidogo cha kristali, kwenye myeyuko unaivuta juu huku unaizungusha, na ndo inayotoa silikoni za chipu, lakini inataka uangalizi mkubwa na maji ya kupozea muda wote. Kuna njia ya taa na vioo isiyotumia chungu, nzuri sana kwa oksaidi, bei yake lakini… Kwa chuo kinachoanza mie nasema Bridgman ya wima, msishindane na watu.

Haya, piga hesabu na mie. Ampuli inashuka milimita 2 kwa saa, unataka kristali ya sentimita 10, hizo ni saa 50, hujahesabu kupasha wala kupoza. Siku mbili na usiku wake umeme usicheze. Sisi umeme wetu unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya giza. Waya mpya ulikuja 2013, hali si ile tena, ila kukatika kwa dakika kumi kunatosha kukuharibia saa 50.

Kwa hiyo kabla ya kuomba profoma, ile karatasi ya bei ya muuzaji, mwite fundi umeme. Soketi ya kawaida ya ampia 13 mwisho wake kilowati 3, tanuri la kilowati 6 linakula ampia 26 kwa volti 230, hilo linataka laini yake na breka yake, usinambie habari za ekstensheni. Uliza kama ni fezi moja au tatu. Jenereta iwe ya kuwaka yenyewe, na UPS ndogo, betri ya akiba, ishike kontrola, kile kifaa kinachoongoza joto, na mota ya kushushia ampuli wakati jenereta inaamka, tanuri lenyewe lina kiporo cha joto, litasubiri kidogo.

Halafu muulize muuzaji swali hili moja: umeme ukirudi kontrola inafanya nini? Yetu ilikatikiwa saa nane za usiku, saa ya 31, jenereta ikagoma, umeme ulivorudi alfajiri ikataka kufidia yote kwa mpigo, mrija wa alumina, kauri ya aluminiamu, ambao unataka kupashwa digrii tatu mpaka tano tu kwa dakika, ukalia ta! Mlinzi alidhani nazi imeanguka kwenye bati. Muuzaji akasema mbona ipo kwenye menyu, ukurasa wa 40 na kitu. Dai kontrola inayoweza kuendelea kuanzia pale joto lilipofikia, au kusimama kabisa, na mpangilio huo akuoneshe kwenye vidio kabla hujalipa.

Kwenye profoma soma bei inaishia wapi, ikiishia bandarini Malindi basi kutoa mzigo, forodha na gari ni juu yenu, na hilo likisahauliwa kreti linakaa linakula gharama. Omba pia grafu ya joto kutoka juu mpaka chini ya mrija, maana Bridgman bila mteremko mzuri wa joto ni jiko tu.

Likifika msiwashe kwa nguvu. Matofali yake yanafyonza unyevu, na hewa yetu hii ya chumvi, kaushieni kwa joto dogo masaa kadhaa, na angalieni vichwa vya nyaya kila mwezi visiote kutu. Spea nunueni siku ile ile: mirija miwili, themokapo (vipima joto vya waya) mbili, fimbo seti moja. Mrija wetu wa akiba umelala chini ya meza yangu, umeviringishwa kanga kuukuu mbili, na hakuna anaeruhusiwa kufagia hapo.