TASAF haina fomu ya kudownload: jinsi kaya inavyoingia kwenye mpango, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Nimeulizwa tena juzi, "fomu ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania) naipata wapi", na nikijibu hakuna fomu mtu ananuna anaona namficha. Basi leo niandike yote mara moja. Nachoelezea hapa ni ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini jinsi ulivyoendeshwa kwenye kipindi cha pili, kile kilichozinduliwa Februari 2020. TASAF yenyewe ipo toka 2000, ila zamani ilikuwa zaidi kujenga madarasa na zahanati, hizi hela za kupewa kaya mkononi zilikuja na awamu ya tatu ya TASAF, na ndani yake ndo kuna hivi vipindi viwili vya mpango, cha kwanza na cha pili.

Hatua ya 1: mkutano. Hapa ndo kila kitu, shikeni hapa. Uandikishaji hauko wazi mwaka mzima, unakuja kwa awamu, na ukifika wawezeshaji toka halmashauri wanaitisha mkutano wa kijiji, mtaa au shehia kwa kule Zanzibar, halafu wananchi wenyewe wanakubaliana pale kwenu maskini ni nani. Labda anayekula mlo mmoja, labda ambaye nyumba inavuja na watoto hawana sare. Kisha mnataja majina. Jina lako lisipotajwa siku ile, habari yako karibu imeishia hapo. Shangazi yangu kule kijijini Tanga kipindi cha kwanza siku ya mkutano alienda kupalilia mihogo, akasema mikutano ya serikali maneno matupu, jirani mwenye bati na pikipiki akaandikwa yeye akabaki. Alisubiri miaka mpaka kipindi cha pili! Sasa hivi ukigonga kengele tu shangazi kashafika amekaa mbele.

Kama una mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea mwambieni mjumbe na majirani mapema, mtu amtaje. Usitegemee mtu atakumbuka.

Hatua ya 2: dodoso. Waliotajwa wanafuatwa nyumbani, anakuja mtu na kishkwambi anauliza mko wangapi, mnapikia nini, choo gani, paa la nini, mifugo mnayo. Jibu ukweli. Kuna watu wanaona aibu, mgeni kaja na kishkwambi basi wanajikweza, "tunakula vizuri tu tunamshukuru Mungu", mashine haijui adabu zako, inakokotoa na wewe unatoka.

Hatua ya 3: mkutano wa pili. Majina yaliyopita yanasomwa hadharani, na hapa mna haki ya kupinga, kama kuna mwenye duka kaingia semeni pale pale, na kama kuna aliyeachwa semeni pia. Mkinyamaza mkaja kulalamika kwenye kahawa haisaidii.

Hatua ya 4 ni kuandikishwa tu. Kaya inatoa mpokeaji, mara nyingi mama, na mpokeaji mbadala. Andaeni kitambulisho cha NIDA na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mpokeaji mwenyewe.

Hatua ya 5: masharti. Kuna kipande cha ruzuku kinachofungwa na watoto, wa chini ya miaka 5 wapelekwe kliniki, wa shule wahudhurie angalau asilimia 80. Mtoto akitoroka, hela inakatwa. Malipo yalipangwa kila miezi miwili, na kuchelewa kupo, msikope duka zima kwa kutegemea tarehe. Viwango vinabadilika ila mpate picha: kwenye kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi, na kaya ya watoto wengi haikuweza kuvuka 38,000. Sio hela ya kujengea, ni ya unga, daftari na kuku wawili watatu wa kuanzia.

Wenye nguvu za kufanya kazi kuna na ajira za muda, mnachimba bwawa au mnatengeneza barabara ya kijiji mnalipwa kwa siku, zilipangwa siku 60 kwa mwaka.

Sasa maswali yenu, nimeyakusanya.

Kuna mtu mtaani anataka elfu ishirini atuingize kwenye list, tumpe?
Msimpe hata mia. Kuingia ni bure, na yeye peke yake hawezi kukuingiza kwa sababu jina linapita kwenye mkutano na dodoso. Pigeni 113 ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni bure.

Sisi tuko Dar, si ni ya vijijini hii?
Hapana, mitaa ya mjini imo pia. Shida ya mjini hamjuani, mtu hajui jirani yake ana njaa. Kajitambulishe kwa mjumbe na mtendaji wa mtaa kabla ya mkutano, sio baada.

Bibi ndo alikuwa anapokea na amefariki mwezi uliopita, hela imepotea?
Pole sana ndugu yangu. Anayenufaika ni kaya, sio bibi peke yake. Nendeni na taarifa ya kifo kwa mtendaji na kamati ya TASAF ya kijiji wabadilishe mpokeaji. Ila msiendelee kutoa hela kwa laini ya marehemu kimya kimya, mtakuja kujieleza vibaya.

Nimefuga kuku nimepata bati kumi, wakiona wataniondoa?
Kaya zinapitiwa upya na zilizoimarika zinahitimishwa, ndivyo ulivyo. Ila kuishi kwenye nyasi makusudi ili ubaki kwenye elfu kadhaa za miezi miwili, hiyo hesabu mimi siioni. Ukihitimu angalia mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ule wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hauna riba.

Dogo amemaliza form six, kuwa TASAF kunamsaidia chochote?
Sana! Akiomba mkopo HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) aseme kaya yao ni ya TASAF na ajaze namba ya kaya kama ilivyo kwenye kumbukumbu za kijiji. Kosea tarakimu moja uone utakavyohangaika.

Hii si siasa tu, wanapewa wana chama?
Upendeleo upo sehemu nyingine, siwezi kukudanganya, nimeuona kwa macho. Ndo maana nang'ang'ania mkutano wa pili. Kwetu alitolewa mtu mzito tu kwa sababu akina mama sita walisimama wakasema yule ana mashine ya kusaga.

Nimetumiwa link wasap inasema jaza jina na namba ya siri upate ruzuku ya laki tatu
Futa. Kama ulishajaza, badilisha namba ya siri sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa.