SOMO: Mbwa anachechemea. Lini umpeleke kwa daktari wa mifugo, lini usubiri

Wakuu, swali la "mbwa wangu anachechemea, nimpe dawa gani" limekuja tena wiki hii, na majibu ni yale yale niliyoyaandika mara nyingi. Nayaweka hapa yakae pamoja.

Kwanza, yasiyosubiri. Ukiona lolote kati ya haya, acha kusoma utafute usafiri: mguu umepinda pasipo na kiungo, au mfupa umetokeza, mguu unaning'inia, hakanyagi kabisa, damu haikatiki ingawa umeibana kwa kitambaa safi dakika 10, miguu ya nyuma anaiburuta, uvimbe unapanda kwa kasi, hasa kwenye maeneo ya nyoka, au amegongwa na gari au bodaboda, hata kama ameinuka mwenyewe. Hilo la mwisho watu wanalipuuza sana. Mbwa anaweza kutembea huku anavuja damu ndani. Mfunue mdomo: fizi zikiwa nyeupe badala ya waridi, au anahema haraka akiwa amelala, hali ni mbaya.

Kama hana dalili hizo, endelea.

1. Mtazame akitembea. Mvute kwa kamba taratibu kwenye sakafu ngumu. Akiwa anaumwa mguu wa mbele, kichwa hupanda pale mguu mbovu unapogusa chini na hushuka anapokanyaga ule mzima. Wengi wanasoma kinyume na kukagua mguu usio na shida. Akiwa anaumwa wa nyuma, tazama nyonga: ya upande mbovu hupanda zaidi. Mrekodi kwa simu, maana wengine wakifika kwa daktari woga unawafanya watembee kama wazima.

2. Mfunge mdomo kwa kitambaa. Mbwa mpole akiumia anang'ata. Usimfunge kama anatapika au anapumua kwa shida.

3. Kagua unyayo. Panua kila kidole, tafuta mwiba, kioo, kucha iliyopasuka, kupe. Funza utamjua kwa kinundu cheupe chenye doa jeusi katikati, mara nyingi pembeni ya zile nyayo ngumu. Mwiba unaoonekana utoe kwa kibanio, osha kwa maji ya chumvi. Uliozama usiuchimbe.

4. Papasa kutoka chini kwenda juu. Anza na mguu mzima ili upate cha kulinganisha. Unatafuta joto, uvimbe, na pale anapogeuza kichwa ghafla.

5. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Hatua hii niliwahi kuikosea. Mbwa wangu nilimpa diclofenac iliyokuwa kabatini, akaanza kutapika, kisha kinyesi kikatoka cheusi kama lami. Hiyo ni damu iliyomeng'enywa, maana yake tumbo lina vidonda. Diclofenac na ibuprofen huzuia kemikali za mwili zinazolinda ukuta wa tumbo na kuzipa figo damu, na mbwa hudhurika kwa kiasi ambacho sisi tunakiona kidogo. Paracetamol nayo ikizidi huua ini. Zipo dawa za mbwa, kama carprofen na meloxicam, lakini kipimo kinatokana na uzito wake na daktari ndiye anayekitoa. Onyo la pili: kama ulishampa chochote, mwambie daktari kabla hajachoma sindano. Sindano ya dexamethasone (dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe) juu ya dawa hizo za maumivu ni njia ya uhakika ya kutoboa tumbo. Onyo la tatu: maumivu yakizimwa, mbwa atakimbia kwa mguu uliovunjika.

6. Mpumzishe saa 24 hadi 48. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Kwetu mbwa wengi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku walinde, kwa hiyo mtu anasema "nimempumzisha" kumbe usiku kucha anakimbiza paka. Usimfungue usiku. Siku mbili zikipita bila nafuu, au akipona kisha ikarudi, mpeleke.

MASWALI

Mzee wa Goba: Mkuu somo zuri. Wangu anachechemea tangu jana, nimpe panadol nusu?

Jibu: Namba 5.

Nuru_K: Wangu Jumatatu alichechemea mguu wa mbele wa kulia, leo ni wa nyuma kushoto. Sioni jeraha, ila amepunguza kula. Inawezekana maumivu yakahama?

Jibu: Umeangalia vizuri sana, dada. Ndiyo, na yakihama hivyo nawaza ugonjwa wa kupe kabla ya kuwaza kuteguka. Vimelea vya Ehrlichia huenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, na viungo huuma kimoja baada ya kingine. Mpime joto kwa njia ya haja kubwa: kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39.2. Angalia fizi, na kama pua inatoka damu. Omba apimwe damu. Ukigundulika mapema hutibika, kwa kawaida kwa antibiotiki ya doxycycline ya wiki kadhaa, na dozi lazima imalizwe hata akichangamka.

Bonge la Mtaa: Haya ni ya watu wa Masaki. Huku daktari ni wa ng'ombe tu.

Jibu: Daktari wa ng'ombe amesomea mbwa pia, ni shahada moja. Mpigie afisa mifugo wa kata, mtumie ile video, uliza gharama kabla hujatoka nyumbani. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Sijaandika popote kwamba kila anayechechemea apelekwe. Nusu ya somo ni namna ya kusubiri.

Baba Tunu: Mtoto wa German shepherd, miezi minne, anakula ugali na mapafu. Miguu ya mbele imeanza kupinda, asubuhi anachechemea.

Jibu: Huyo asisubiri, kaka. Mapafu na nyama tupu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa, na mifupa laini huvunjika hata akiruka ngazi. Lakini usikimbilie vidonge vya kalsiamu: mbwa wa aina kubwa ikizidi nayo inaharibu ukuaji. Apigwe picha ya eksirei, apewe chakula kamili cha watoto wa mbwa. Kama bei inakushinda, mwulize daktari kiasi cha dagaa wazima, na mifupa yao, cha kuchanganya kwenye ugali.

Nuru_K: Nimempata kupe sikioni. Mama anasema nimpake mafuta ya taa.

Jibu: Hapana, yanaunguza ngozi na mbwa atayalamba. Mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kusokota, kisha nawa kwa sabuni. Na tazama nyufa za ukuta wa banda: kupe huyu hujificha humo, ukisafisha mbwa peke yake watarudi.